Nani Anamtoa Binti Huyu

Harusi za miaka ile nilizijua kuanzia chini, kwenye pindo. Nilikuwa na cherehani ya miguu kwenye kibaraza cha duka la vitambaa pale Tarime mjini, na kila dhahabu ilipotoka kule Nyamongo, haukupita muda nilikuwa nimepiga magoti mbele ya bi harusi fulani, pini mdomoni, nikimwashiria asimame wima. Wachimbaji walikuwa wakioa kwa fujo. Kijana ambaye juzi tu alikuwa akila mihogo mikavu, leo analeta mchumba wake anataka gauni lenye mkia wa kufagia kanisa zima, na matroni avae rangi ya dhahabu, na watoto wa maua wavae rangi ya dhahabu, na ukiuliza kwa nini yote dhahabu, anakushangaa wewe. Shela zilitoka ng'ambo, Migori, zikapitishwa Sirari ndani ya mifuko ya unga. Matarumbeta yalitoka Musoma. Keki zilikuwa na ghorofa nyingi kuliko nyumba yoyote ya Tarime wakati ule.

Sisemi hivi kwa kijicho. Harusi zile zilinilisha, na nazishukuru. Ila zilinifanya nijione mjuzi. Ilipofika zamu yangu nilidhani kuchagua harusi ni sawa na kuchagua mshono: unaonyeshwa picha, unasema nataka huu, kitambaa kinakatwa.

Nieleze kwanza nyumba niliyotoka. Bibi yangu hakujaliwa mtoto wa kiume. Alizaa mabinti, wakaolewa, wakaenda. Mume wake akafariki. Akabaki na ng'ombe wake na shamba lake pembeni mwa Turwa. Kwetu Wakurya nyumba ya namna hiyo haiachwi ife. Bibi akatoa ng'ombe, akamwoa mama yangu. Inaitwa nyumba ntobhu, na wanaosikia habari zake mara ya kwanza hucheka au hushtuka, kisha huuliza maswali yasiyowahusu. Jibu ni rahisi. Mama aliletwa awe mkamwana wa Bibi, mke wa yule mtoto wa kiume ambaye Bibi alipaswa kumzaa na hakumzaa. Watoto watakaopatikana ni wa mtoto yule. Mwanaume aliyenizaa kwa damu alikuwepo, alikuja akaenda. Hakuwa na neno juu yangu na mimi sikuwa na neno juu yake.

Kwa hiyo baba yangu ni mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Jina alikuwa nalo, alilirithi kwa babake Bibi, na ndilo ninalolitumia mpaka leo nyuma ya jina langu. Bibi alimtaja mara chache, na alimtaja bila huzuni, kama mtu aliyehamia mbali. Nikifanya vizuri shuleni alisema mwanawe angefurahi. Nikipigana, na nilikuwa mtoto wa kupigana, alisema hasira hizo nimezitoa kwa baba yangu. Mimi niliamini. Baadaye akazaliwa mdogo wangu wa kiume, na yeye akaambiwa ana miguu ya baba. Tulilelewa na wanawake wawili. Hatukulala njaa, na kama kuna kitu tulikosa, sikukijua.

Mwenzangu alitoka Natta, kule Serengeti, ambako baba yake alilima na kuchunga karibu na pori la akiba, na kaka zake walifanya kazi kwenye kambi za watalii. Yeye alifuata dhahabu. Aliniletea suruali iliyochanika goti niishone, akaileta tena, na aliporudi nayo safari nyingine niliona wazi kwamba imechanwa kwa wembe. Nikamwambia mwamba hauchani kitambaa hivi. Alicheka, na mambo yetu yakaanzia hapo.

Nilipompeleka nyumbani, alitoa shikamoo akiwa bado mbali, na Bibi akaanza utani pale pale, kama ilivyo haki ya bibi kwa mume wa mjukuu. Alimwita mume wangu. Alimwuliza kama kwao Natta mahari wanalipa kwa nyumbu, maana amesikia ndiyo mifugo wanayoiona kila siku. Kijana akajibu kwamba nyumbu wapo wengi, shida ni kuwafundisha kuingia zizini. Bibi alijipiga paja, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa khanga. Tangu siku hiyo kila alipokuja alikuwa na kigoda chake karibu na Bibi, na tumbaku ya Bibi mfukoni. Kwa mama ilikuwa tofauti, kwa sababu mkwe ni mkwe. Mama alizunguka nyuma ya nyumba asikutane naye uso kwa uso, na salamu zake zilipitia kwangu. Ndiyo adabu yetu: baba na mama wa mke hukaa mbali na mkwe, bibi peke yake ndiye anayeruhusiwa kumchezea.

Basi tukaanza kuchagua harusi, na nikagundua kwamba kila mtu alikuwa na yake. Mama alitaka kanisani, kanisa letu dogo la mabati. Ndoa yake mwenyewe kanisa halikujua liiweke wapi. Walimpokea yeye, walibatiza watoto wake, lakini kila palipotajwa wenye ndoa aliinamisha kichwa. Alikuwa amesubiri miaka yote amwone mtoto wake akisimama pale mbele. Mwenzangu alitaka bomani: tuandikishe, tule nyama choma, Jumatatu arudi kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo la kuchimba. Wenzake wa duara hawakukubali. Mwaka ule walikuwa wamekutana na mshipa mzuri wa dhahabu, na walisema mtu wao hawezi kuoa kama karani. Wakaunda kamati. Mwenyekiti alikuwa mnunuzi mmoja wa dhahabu, mtu mkarimu, mwenye kelele, aliyevaa viatu vyeupe hata masika. Kamati ilitaka kanisa, msafara wa magari, ukumbi, matarumbeta na emsii wa kutoka Mwanza.

Bibi alitaka ng'ombe tu. Waingie langoni wakitembea kwa miguu yao, wakaguliwe, wapokewe, pombe ya ulezi inywewe, kazi iishe. Habari za kanisa aliziona ni zangu na mama, hakuzipinga, hakuzifuata. Mwenyekiti alikuja kumweleza kwamba siku hizi mambo yamerahisishwa. Ng'ombe wa kutoka Natta watachoka njiani, wataleta vumbi na kinyesi. Kamati iko tayari kuleta bahasha nene, ikabidhiwe ukumbini, emsii atangaze, watu wapige makofi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea chai, kisha akamwuliza, "Mura, kijana wangu, hiyo bahasha inazaa?"

Mwenyekiti alikunywa chai yake. Ng'ombe wakabaki kuwa ng'ombe.

Mpaka hapo nilikuwa nafurahia. Tulikubaliana ng'ombe watangulie, kanisa lifuate, na ukumbi uwepo ili duara lisione aibu. Kila mtu alikuwa amepata kipande chake. Kisha kikaja kikao cha kupanga namna ya kuingia kanisani, na kilifanyika sebuleni kwetu.

Mchungaji wetu alikuwa na utaratibu wake. Bi harusi huingia na baba yake. Wakifika mbele, mchungaji huuliza, nani anamtoa binti huyu aolewe na mwanaume huyu. Baba hujibu ni mimi, huuweka mkono wa binti kwenye mkono wa mkwe, huenda kukaa. Katibu wa kamati akauliza baba ni nani. Watu wakaangalia vikombe vyao. Mwenyekiti akasema wasisumbuke, ameshaongea na mjomba wangu, kaka yake mama, mtu wa heshima zake na suti anayo. Mmoja akanong'ona kwamba pengine wenye nyumba waulizwe kwanza. Mwenyekiti akamjibu kwa upole, akiamini kabisa kwamba anatusaidia, "Asiyekuwepo na lake halipo. Baba hayupo, basi mjomba."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, akipeta ulezi wa pombe ya harusi. Ungo ukasimama mikononi mwake. Aliuweka chini, akainuka, akaenda zake zizini, na kuku wakaja wakala ulezi ule bila mtu wa kuwafukuza.

Mgeni anaweza asione uzito wa jambo lenyewe. Mjomba wangu alioa kwa ng'ombe wale wale ambao Bibi aliwatoa kumwoa mama. Kwetu ndivyo yanavyozunguka: binti anaolewa, ng'ombe wake wanamwolea kaka yake. Nyumba ya mjomba ilishapewa chake zamani. Sasa mjomba huyo akinishika mkono mbele ya watu na kusema ni mimi ninayemtoa, basi mimi ni binti wa nyumba yake. Na Bibi ni nani? Ni mama mmoja mzee tuliyekuwa tukikaa kwake. Nyumba aliyoisimamisha kwa ng'ombe wake, kwa jembe lake, na kwa kuvumilia vicheko vya watu, ingefungwa siku moja kwa sababu alihitajika mtu mwenye suti.

Mimi hasira zangu haziko mbali. Nilikuwa na mkasi mkononi, nakata utepe wa mapambo, na nikasimama nao. Niliwaambia kama baba anakodishwa, wakakodishe na bi harusi, mjini wapo wengi na wengine wana magauni tayari. Kisha nikawafungulia mlango. Walitoka, mwenyekiti wa mwisho, akiniangalia kwa mshangao wa kweli. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumchukia vizuri.

Mwenzangu alifika kesho yake kutoka Nyamongo, vumbi la mwamba bado liko kwenye nyusi. Nilijiandaa kwa ugomvi, maana niliowafukuza walikuwa watu wake. Yeye akauliza kama Bibi amekula. Nikamwambia tangu jana anakula kidogo tu. Akasema basi harusi isubiri Bibi ale kwanza. Nilikuwa nampenda hata kabla ya hapo, lakini maneno yale nayashukuru hadi leo, na siku tukigombana huwa najikumbusha. Akanikumbusha pia kwamba bomani hawaulizi nani anakutoa. Kwa kitambo kidogo nilitamani. Halafu nikamfikiria mama anavyoinamisha kichwa.

Mama si msemaji. Jioni ile alikuja akakaa kwenye kitanda changu na kunisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alipoletwa kwa Bibi alikuwa msichana mwenye hofu, akidhani amekuja kufanyishwa kazi kama punda. Bibi alimpa kitanda, yeye mwenyewe akatandika ngozi chini, akamwambia alale mpaka nyumba aizoee. Nilipozaliwa mimi, mtoto wa kike, majirani walikuja kumpa Bibi pole, kwa sababu walijua alichokuwa anakitafuta. Bibi aliwapa uji wakanywa, kisha akawaambia wamekosea nyumba, hapa hakuna msiba. Mama alisema hayo, akanyoosha shuka, akatoka. Nilibaki nimekaa, na nililia kwa shukrani, jambo ambalo silifanyi mara nyingi.

Asubuhi nilikwenda zizini na jibu langu, na nililiona zuri sana. Bibi alikuwa akikamua. Nikamwambia mjomba hatanitoa. Yeye ndiye atakayenitoa, kwa sababu yeye ndiye baba yangu. Nilitegemea afurahi. Alimaliza kukamua bila haraka, akainuka na kibuyu chake, akaniangalia.

"Mimi siyo tata yako," alisema. "Mimi ni bibi yako. Nikijifanya baba, yule mwanangu atakaa wapi? Na huyu wa Natta nianze kumkimbia kama mkwe? Nitamtania nani mimi?"

Nikaona nimefanya kosa lile lile la mwenyekiti, ila mimi sikuwa na viatu vyeupe. Kiti cha baba yangu hakikuwa wazi. Kilikuwa na mwenyewe, na kwa wema wangu wote nilikuwa natafuta wa kumkalisha juu yake. Bibi ndiye aliyeuliza: huyo mchungaji anasemaje hasa, maneno yake yenyewe? Nikamwambia. Akayarudia taratibu, midomo ikitembea. Nani anamtoa binti huyu. Akasema, "Nitakuja." Akaingia na maziwa yake ndani, na mimi nilimjua vya kutosha nisimfuate na maswali.

Mchungaji alikuwa kijana, si mtu wa kwetu. Nilimweleza yote, na kwamba atakayeniingiza hajabatizwa wala hajawahi kukanyaga kanisani. Alivua miwani, akaifuta, akasema chuoni hawakufundishwa hili. Kisha akasema kitabu kinauliza nani tu, hakikutaja suti wala ndevu. Akataka kujua Bibi atajibu nini. Nikamwambia ukweli kwamba sijui. Akasema basi tutasikia wote.

Mwenyekiti naye alirudi, akiwa na sukari na tumbaku, akamwomba Bibi radhi kwa maneno machache kuliko kawaida yake. Bibi akamwambia apete ulezi uliobaki, na akapeta, vibaya sana, mchanga na ulezi vikaanguka pamoja. Ukumbi tukaufuta, watu wangekula nyumbani. Matarumbeta aliomba aruhusiwe kuyaleta, na nani angemnyima. Hata mjomba alikuja kusema kwamba hana kinyongo, na kwamba suti yenyewe ilikuwa inambana.

Ng'ombe walikuja na kaka zake mwenzangu, wakitokea Natta kwa miguu, wakavuka Mto Mara, wakapanda milima hadi kwetu. Bibi alisimama langoni, akawapitia mmoja mmoja kwa fimbo yake. Mmoja alimkataa kwa sababu ya jicho, na shemeji yangu alibishana weee mpaka akachoka, yule ng'ombe akarudishwa. Mwenyekiti alisimama kando na kitambaa puani, na wa mwisho alipoingia, akaanza kupiga makofi peke yake. Ng'ombe wale ndio waliomwolea mdogo wangu baadaye, na watoto wake wanaongoza ndama wa uzao huo huo hadi leo.

Gauni nilijishonea mwenyewe, fupi la kutembelea, lisilo na mkia. Bibi nilimshonea la kitenge. Viatu alivikataa. Tulipofika mlangoni pa kanisa alisimama kidogo, akaangalia ndani kama mtu anavyoangalia nyumba ya jirani aliyeitwa kwa mara ya kwanza, kisha akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, kama alivyokuwa akinishika tukivuka mto wakati wa masika. Tukaingia. Alitembea mwendo wake wa shambani, na kwaya ikalazimika kurudia wimbo. Watu wa Turwa wote walikuwemo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiimba, walikuwa wanaangalia. Mwenzangu alikuwa amesimama mbele, jasho linamtoka. Mama alikuwa benchi la kwanza.

Mchungaji akangoja kwaya imalize. Akauliza, polepole, akimtazama Bibi na siyo kitabu chake, "Nani anamtoa binti huyu aolewe na mwanaume huyu?"

Bibi hakuwa na sauti ya kanisani. Alijibu kwa sauti ya kuitia ng'ombe.

"Baba yake ndiye anamtoa. Ni mwanangu." Akamtaja jina, lote, na jina la baba yake huyo mwana, na ukoo. "Hakuweza kuja. Mimi nimemshikia mkono tu."

Akauchukua mkono wangu akauweka kwenye mkono wa mwenzangu, akaupigapiga kwa juu, akamwambia yule mume wake wa utani asimame vizuri, anatetemeka nini. Kisha akatafuta njia ya kwenda kukaa karibu na mama.

Mchungaji aliangalia kitabu, na naamini hapakuwa na kitu ndani yake cha kumsaidia, kwa sababu alikifunga.

"Basi tunamshukuru baba yake," alisema.

Mama alikuwa ameinua kichwa. Yeye ambaye siku zote husali kwa kunong'ona, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema amina.